Dakika Kumi na Saba za Mama Mkwe

Kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kuombwa ausimamishe moyo wa mama mkwe wake, tena kwa barua yenye mhuri, basi ajitokeze wazungumze, maana Mama Barafu, kama walivyomwita kazini, hakuwa anamjua. Yeye aliombwa siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa ameinama mbele ya friji ya chumba cha upasuaji akitoa kikopo cha mtindi cha mtu. Mlangoni mwa friji hiyo alikuwa amebandika tangazo: HUMU MNAKAA MAJI YA MOYO, SI CHAKULA CHENU CHA MCHANA. Watu walilisoma, wakamsifu mwandiko, kisha wakaweka mtindi. Friji ikifunguliwa mara thelathini kwa siku, baridi inabaki wapi? Alishauliza swali hilo kwenye vikao vitatu.

"Mwenzako bado yuko likizo ya uzazi," Profesa alimwambia akiwa amesimama nyuma yake. Profesa ndiye aliyekuwa bingwa wa kupasua moyo pale, na tangu ampe barua alikuwa anatazama saa. "Mimi nasafiri Ijumaa, sirudi mpaka baada ya miezi mitatu. Vali ya mama yenu haiwezi kungoja miezi mitatu. Tunamfanyia Jumatano, na mashine utaendesha wewe."

"Profesa, mimi ni mkamwana wake."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mapema. Ukianza mambo ya kifamilia mle ndani, nakutoa."

Sasa hapo, jamani, akili ilikwenda wapi? Mwendesha mashine ni mmoja. Akitolewa, mashine ataendesha nani, mfagiaji? Lakini Mama Barafu hakusema hivyo. Alisema, "Mle ndani hatakuwa mkwe wangu. Atakuwa moyo tu." Aliona amejibu vizuri, kitaalamu, akarudi kwenye mtindi wake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Daktari akitaka kushona ndani ya moyo, tuseme kubadilisha vali, kile kimlango cha damu, lazima moyo usimame. Huwezi kutia kiraka suruali ambayo mwenyewe anakimbia nayo. Kwa hiyo mashine ya Mama Barafu hushika kazi ya moyo na mapafu kwa muda, damu ikipita kwenye mipira na kurudi mwilini. Kisha daktari hukaza kibano kwenye mshipa mkuu, na kuanzia hapo msuli wa moyo wenyewe haupati hata tone la damu. Mwili mzima unakula, moyo peke yake umefungiwa nje. Hapo ndipo Mama Barafu huingiza maji yake ya baridi kali, yenye dawa ya kuulaza moyo. Moyo uliolala na kupoa hauna njaa. Tatizo ni kwamba usingizi huo ni wa dakika ishirini. Zikipita bila kuongezewa maji, moyo hupata joto na kuanza kuamka, na ukiamka na njaa huku chakula hakuna, msuli huanza kufa kidogo kidogo. Na msuli wa moyo ukifa, haurudi.

Basi kila dakika ya ishirini yeye hutaja muda kwa sauti, Profesa hujibu "Nywesha," na maji hupelekwa. Bila neno hilo hakuna anayegusa pampu, kwa sababu maji yakija ghafla hufurika pale pale mikono ya daktari ilipo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile. Na sauti ya Mama Barafu akitaja muda ilikuwa inasikika mpaka kwa wafua nguo.

Jumanne jioni, baada ya kazi, alipita wodini kumwona mgonjwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani wima, kitambaa cheupe kichwani, akimsahihisha muuguzi kwa kalamu nyekundu namna alivyoandika jina lake kwenye faili. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita. Kustaafu alistaafu, lakini kalamu aliondoka nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Wajukuu wangu wamekula?"

"Wamekula."

"Wamekula nini?"

"Chakula, mama."

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa pembeni akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Akaguna. Wifi huyu alikuwa na miguno ya kila aina, na miaka yote kumi na minne ya ndoa ile Mama Barafu hajawahi kusikia hata mmoja wa kumsifu.

"Naambiwa kesho wewe ndiye utakayenisimamisha moyo," mama mkwe alisema.

"Ndiyo mama. Mimi."

"Nilijua tu. Miaka kumi na minne umekuwa ukijaribu."

Muuguzi alitoka nje haraka akacheke. Mama Barafu naye, badala ya kunyamaza kama mkamwana aliyefunzwa, alijibu, "Na wewe miaka kumi na minne umekuwa ukiukimbiza mbio wangu, mama, kwa hiyo kesho ni zamu yangu." Ndivyo walivyokuwa hawa wawili. Neno kwa neno, jibu kwa jibu, chumvi, nguo za watoto, jinsi ya kufunga pazia. Mume wa Mama Barafu alikwisha kunyoosha mikono zamani. Wakianza, yeye huenda kuangalia gari kama lina maji.

Lakini jioni ile mama mkwe hakuendelea. Aliweka kalamu chini. "Sikiliza. Mimi sikukubali kupasuliwa ili niishi miaka mia. Nimekubali kwa sababu ya ngazi. Ninakaa ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, na siku hizi nikifika ya ishirini napumua kama nimekimbizwa. Ile nyumba nimeinunua mwenyewe, mlango nafunga mwenyewe, chai nakunywa saa ninayotaka. Sitaki kuishi kwa mtu. Si kwa mwanangu, si kwa binti yangu, na kwako ndiyo kabisa. Nirudishie ngazi zangu, basi."

"Utapanda, mama."

"Usinivike kilemba cha ukoka. Nirudishie tu."

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi kifua kilikuwa wazi. Mashine ilikuwa inazunguka vizuri, damu nyeusi ikiingia na nyekundu ikitoka. Walikuwa watano mle ndani: Profesa, msaidizi wake ambaye hakuwa na maneno, muuguzi wa vifaa, daktari wa nusukaputi kichwani kwa mgonjwa, na Mama Barafu kwenye kiti chake mbele ya pampu. Kibano kilikazwa. Maji ya kwanza yakaenda, moyo ukapiga mara moja, mara mbili kwa uvivu, ukalala. Barafu laini ikamwagwa kuuzunguka. Kwenye skrini mstari ukanyooka.

Dakika ishirini. "Ishirini, Profesa!"

"Nywesha."

Akanywesha. Mpaka hapo hakukuwa na neno. Profesa alikuwa na mikono mizuri, hilo hata adui yake hakatai. Alikata vali ya zamani, iliyokuwa ngumu kama ukucha, akaanza kuzungusha nyuzi za kushikia vali mpya, moja moja, ishirini na nne. Barafu ikawa inamziba. "Toa hii barafu, sioni," akasema, na msaidizi akainyonya yote. Mama Barafu aliona, akauma mdomo. Barafu imetoka, taa zile kubwa zinawaka juu, na moyo uko hapo kama samaki aliyeanikwa.

"Ishirini, Profesa!"

"Bado."

Alingoja. "Ishirini na mbili."

"Nimesikia. Nina nyuzi ishirini na nne mikononi. Nikilegeza sasa hiki chuma kinachoushikilia moyo wazi, zitachanganyika nianze upya. Dakika mbili tu."

Dakika mbili za Profesa! Zilikuwa maarufu. Aliwahi kumwambia mkewe anakuja baada ya dakika mbili, harusi ya binti yao ikaisha bila yeye, keki ikagawanywa, na wageni wakaaga.

"Ishirini na tano, na barafu hakuna. Profesa, moyo unapata joto."

Hapo Profesa aliinua macho. Juu ya barakoa yalionekana macho tu, na yalikuwa yamechoshwa. "Mama Barafu. Leo umekuja kama fundi au kama mkamwana?"

Muuguzi wa vifaa akaanza kuhesabu mikasi ambayo alikwisha kuihesabu. Msaidizi akatazama chini. Mama Barafu alihisi uso umemwaka moto mpaka masikioni. Swali gani hilo? Muda ni muda! Saa haina mkwe! Lakini akafikiria Jumatatu na ile ahadi yake ya kitaalamu, akafikiria watakavyosema kwenye chumba cha chai: aliambiwa asije kama mkamwana, akaja, akaanza kelele za kifamilia.

"Kama fundi," akajibu.

"Basi fundi, ningoje."

Na yeye, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa ya maneno, akaufunga. Dakika ya ishirini na saba hakuitaja. Ya ishirini na tisa hakuitaja. Alikaa wima, mkono kwenye swichi ya pampu, akijitia ubaridi ambao haukuwa wake. Thelathini. Profesa alifunga uzi wa tisa. Thelathini na mbili, wa kumi na tatu. Alifunga vizuri, kwa utulivu, bila hata uzi mmoja kulegea, na hilo ndilo lililomtia mtu hasira zaidi. Mama Barafu alijiambia, ukipiga kelele sasa umejitangaza. Akajiambia tena, dakika moja tu. Kumbe naye alikwisha kuambukizwa dakika za Profesa.

"Mstari umetikisika," alisema daktari wa nusukaputi.

Alikuwa mtu mpole asiyesema mara mbili. Mama Barafu alitazama skrini. Mstari uliokuwa umenyooka ulikuwa unatetemeka, kidogo, kisha zaidi. Moyo wa mama mkwe ulikuwa unaamka, gizani, bila chakula.

"Nanywesha!" akapiga kelele, akafungua pampu.

Maji yakafurika mikononi mwa Profesa. "Nani amekwambia? Nani amesema? Nyuzi zangu!"

"Utanitoa baadaye! Sasa hivi legeza hicho chuma maji yafike! Na hiyo barafu irudi, yote! Khaa!"

Profesa akalegeza. Uzi mmoja ulikatika, akaushona upya, na ikamchukua, ebo, sekunde arobaini. Sekunde arobaini tu! Ndizo walizokuwa wanazigombania muda wote huo. Saa ya mashine ilisoma dakika thelathini na saba tangu maji ya mwisho.

Vali ilikaa vizuri. Kibano kilipofunguliwa na damu ya moto ikarudi, moyo haukupiga. Ulitetemeka tu, kama mtu wa homa. Wakaupiga shoti. Ukatetemeka. Wakaupiga tena. Mara ya tatu ukapiga, polepole, kwa shida, ukavimba kila damu ilipoingia. Moyo wa kawaida huachishwa mashine baada ya robo saa. Huu ulikaa saa moja na dakika ishirini, dawa moja juu ya nyingine, na Mama Barafu akawa anapunguza mashine kidogo, unazidiwa, anaongeza. Anapunguza, unazidiwa, anaongeza. Mikono yake ilifanya kazi na machozi yalikuwa yanamwagika ndani ya barakoa, na hakuweza kuyafuta. Mwishowe moyo ukashika mwendo. Kwenye karatasi ya mashine aliandika 37, akaikoleza.

Profesa alipita nyuma yake akivua glavu, akaiona hiyo namba, akasimama. Huko nje aliwaambia ndugu upasuaji umefanikiwa, ila moyo wenyewe ulikuwa umechoka tangu zamani, akatazama saa, akaenda. Haikuwa uongo. Lakini ni maneno ya mtu ambaye pasipoti yake iko tayari mfukoni.

Daktari wa nusukaputi ndiye aliyebaki akikunja nyaya zake. "Nikuulize kitu, Mama Barafu," akasema taratibu. "Wiki iliyopita, yule dereva wa lori. Profesa alisema bado, na dakika ya ishirini na mbili ulimpigia kelele mpaka akadondosha sindano. Leo ilikuwaje?"

Mama Barafu alichovya kitambaa. Aliendelea kuifuta mashine iliyokuwa safi. Alifuta mpaka akaona hajui anafuta nini, kisha akakaa chini kwenye ndoo ya barafu, kifuniko kikapasuka. Yule dereva, Mama Barafu hakumjua hata jina la baba yake. Dereva yule hakumsimanga chumvi wala pazia. Na moyo wake ulitunzwa kama yai, kwa sababu aliyeutunza hakuwa na sababu ya kuogopa watasema nini.

Ukumbini wifi alimdaka kabla hajavua viatu vya kazi. "Wifi, mbona mmechelewa hivyo? Umemfanya nini mama?"

Siku nyingine angemjibu mpaka amkimbize. Siku hiyo alimwambia, "Yuko hai, wifi. Nyamaza kwanza." Wifi akaguna, na mguno ule kwa mara ya kwanza ulikuwa na haki.

Siku ya nne walimpima mama mkwe moyo kwa ile mashine ya picha. Vali mpya ilifunguka na kufunga kama mlango wa benki. Msuli, lakini, ulikuwa dhaifu kuliko ulivyoingia, na upande mmoja ulijivuta tu bila nguvu. Daktari wa wodi akaandika kwenye faili kwa mwandiko ambao hata kalamu nyekundu isingeukomboa: mgonjwa asipande ngazi zaidi ya nane au tisa, asiishi peke yake.

Mama Barafu aliingia akiwa na nguo za nyumbani, akafunga mlango. Mama mkwe alikuwa ameegemea, mto umekumbatiwa kifuani kama wanavyofundishwa waliopasuliwa, ili wakikohoa mfupa usiume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesoma faili. Wanadhani sisomi. Daktari amesema moyo ulikuwa umechoka."

"Ulikuwa umechoka, mama. Lakini si hilo tu." Akavuta kiti, akakaa, akasimama tena. "Moyo wako ulitakiwa kupewa maji baada ya dakika ishirini. Ulipewa baada ya thelathini na saba. Profesa alisema ningoje, na mimi nikangoja. Mtu mwingine yeyote angelala pale kitandani, nisingengoja. Ningepiga kelele kama wazimu. Kwako nilinyamaza."

Mama mkwe alimtazama. Wanafunzi wa miaka ishirini na sita walilijua jicho lile.

"Kwa nini?"

"Niliogopa watasema nakupendelea."

Kisha midomo ya mama mkwe ikacheza, akaubana mto, akacheka, akaumia, akacheka tena huku machozi yanamtoka. "Wewe! Unipendelee mimi! Mungu wangu, nani? Nani katika dunia hii angesema hivyo?"

Mama Barafu naye alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Alilia bila adabu yoyote, kamasi na yote, akijifuta kwa ncha ya shuka la hospitali. "Nisamehe mama. Nisamehe."

Mama mkwe aliacha kucheka. Aligeuza uso dirishani, akapumua, akangoja pumzi imrudie. Ilichukua muda, na wote wawili waliisikia inavyochukua muda.

"Kile chumba chenu cha nyuma," akasema mwishowe, "kina dirisha?"

"Kina dirisha, mama."

"Mwambie mume wako auze ile nyumba yangu. Mimi sitaki kwenda kuiona."

"Mama..."

"Nyamaza nikwambie." Sauti yake haikuwa ya kugomba. Ingekuwa ya kugomba, ingekuwa nafuu. "Miaka kumi na minne hujaniachia neno langu hata moja likapita bila kulijibu. Hata moja. Nikisema jua, wewe mvua. Nikaingia mle nimelala, siwezi kusema, siwezi kujitetea, nikajua angalau mle ndani yupo mmoja mwenye mdomo. Nililala nikiwa na amani kwa sababu yako. Ndiyo siku uliyoichagua kunyamaza?"

Mama Barafu alifungua mdomo. Miaka yote hiyo jibu halikuwahi kumkosa. Alisimama pale, mkono kwenye ukingo wa kitanda, akitafuta neno, na mama mkwe akawa anamngoja.